Mkanda wa jeshi hausubiri kikao cha ukoo

Shangazi yangu wa Muheza sasa anaona kwa jicho moja. La kulia limeingia ukungu, na daktari wa macho aliyempima wiki hii hakumficha: konea imepata kovu, na kovu hilo haliondoki kwa dawa ya matone. Kilichomfikisha hapo ni mkanda wa jeshi. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani, maana waliomchelewesha wote wanampenda.

Ulianza kwa kuchomachoma kwenye paji la uso, upande mmoja tu. Akadhani ni kichwa cha kawaida. Yakafuata malengelenge mpaka kwenye kope na ncha ya pua. Kikao kikakaa. Jirani akaleta majivu ya kupaka, mwingine maji ya mwarobaini, na mdogo wake shangazi akashikilia kwamba hapo kuna mkono wa mtu. Binamu yangu, mwenye simu kubwa kuliko busara, akarusha picha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp akiuliza kama mkanda wa usoni nao huwa unakutana. Hilo unalijua: ncha mbili za mkanda zikikutana, mgonjwa hana siku.

Haziui. Virusi vya mkanda ndivyo vile vya tetekuwanga ya utotoni. Tetekuwanga ikipona havitoki mwilini, hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu miaka na miaka. Kinga ya mwili ikishuka, huamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Mishipa hiyo hutoka jozi jozi, wa kushoto na wa kulia, kila mmoja na eneo lake, ndiyo maana upele kwa kawaida hukomea katikati ya mwili. Sisi tunakesha tukipima ncha zimebakiza vidole vingapi, huku saa zenye maana zikipita.

Saa hizo ni 72. Vidonge vya asiklovia hufanya kazi vizuri zaidi vikianzwa ndani ya siku tatu tangu upele utokee. Si dawa ngeni: Gertrude Elion, mmoja wa wanasayansi walioiwezesha kupatikana, alitunukiwa Nobel mwaka 1988, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haivifukuzi virusi mwilini, lakini huvizuia visizaliane, na mkanda ukiwa karibu na jicho hiyo ndiyo tofauti kati ya kuona na kutoona. Bila dawa, karibu nusu ya wanaopata mkanda wa eneo hilo hudhurika jicho lenyewe.

Namsikia msomaji mmoja: “Mbona babu yangu aliupata akapona kwa mwarobaini?” Babu alipona ngozi. Malengelenge hukauka yenyewe kwa wiki mbili hadi nne, upake majivu usipake, na sifa huchukuliwa na chochote kilichokuwa kimepakwa siku hiyo. Sasa muulize babu kama baada ya hapo aliweza kuvaa shati bila kukunja uso. Kuna maumivu ya mishipa yanayobaki baada ya upele kwisha, miezi, pengine miaka, ambayo hata shuka likigusa ngozi ni kama moto, na panado haiyapunguzi sana. Wazee ndio huteswa nayo zaidi.

Lakini si mwarobaini uliomponza shangazi. Nauli alikuwa nayo. Yeye ni mjane, ana heshima yake kanisani, na aliogopa swali moja: “Umepima?” Woga huo una asili. Miaka ya 1980 na 1990 kijana akitokwa na mkanda, mtaa mzima ulishamaliza kesi. Na kweli VVU huchangia. Mkanda umo katika dalili za hatua ya pili ya VVU. Kwa hiyo kupima ni jambo jema. Ila umri peke yake unatosha kuuleta, hasa baada ya miaka 50. Na hata kama ni VVU, je? ARV zinatolewa bure, na asiklovia ni ile ile. Majibu ya shangazi ni yake. Wanaonipigia simu kuyauliza wanikome.

Mtu akikuonyesha malengelenge ya upande mmoja yanayochoma, usimuulize alikuwa na nani. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Yakiwa usoni, usiishie zahanati, mfikishe kwa daktari wa macho.