Ajali Haina Kinga? Vinavyoanguka Kutoka Juu na Jina la Mungu



Kuna video inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, na grupu letu la vijana huku Nkuhungu, Dodoma, haikulikosa. Inasema mataifa makubwa yana silaha iitwayo "Fimbo za Mungu": nondo kubwa za chuma zinakaa angani kwenye satelaiti, mtu anabonyeza kitufe, nondo inashuka na mji unafutika. Kaka mmoja akauliza kwenye grupu, "Hii kitu ipo kweli? Na Kanisa linasemaje?" Dada mwingine akajibu haraka, "Tusali tu, hizo ni siku za mwisho."

Kusali tusali, hilo halina mjadala. Ila nimeona swali la yule kaka linastahili jibu refu kidogo, kwa sababu ndani yake kuna swali jingine ambalo linatugusa hata sisi tusiokuwa na roketi: je, mtu asiyekusudia kuua anaweza kuwa na hatia ya damu?

Tuanze na hizo fimbo

Wazo lenyewe ni la kweli na ni la zamani. Lilianza Marekani miaka ya 1950, na Jerry Pournelle, aliyekuwa akifanya kazi Boeing kabla ya kuwa mwandishi wa hadithi za sayansi, anatajwa kama mmoja wa waliolibuni. Mwaka 2003 Jeshi la Anga la Marekani lililitaja tena katika mpango wake wa mambo ya baadaye. Nondo inayozungumzwa ni ya tangsteni, madini mazito mno, yenye urefu wa kama mita 6 na unene wa sentimita 30. Hakuna baruti ndani. Inaumiza kwa uzito na mwendo tu, kama jiwe.

Sasa tupige hesabu, maana hofu nyingi hufa zikikutana na hesabu. Nondo ya ukubwa huo ina uzito wa kama tani 8. Ikigonga ardhi kwa mwendo wa kilomita 3.4 kwa sekunde, nguvu yake ni sawa na kulipua tani 11 hadi 12 za baruti ya TNT. Ni nguvu kubwa, lakini baruti hiyo inaenea kwenye lori moja tu la mizigo linalokwenda Singida. Bomu la Hiroshima lilikuwa kama tani 15,000. Kwa hiyo habari ya mji kufutika kwa nondo moja, hapana.

Halafu kuna gharama ya kuipandisha. Roketi kama Falcon 9, hata isiporudi kutua, hubeba takribani tani 22, yaani nondo mbili na chenji. Na satelaiti haikai juu ya adui ikimsubiri. Inakimbia karibu kilomita 7.8 kwa sekunde na kuizunguka dunia kwa kama dakika 90, kwa hiyo ukitaka kupiga mahali fulani muda wowote unahitaji nyingi sana. Kingine ambacho video haisemi ni kwamba ukiiachia nondo angani haianguki. Inaendelea kuzunguka pamoja na satelaiti yake, mpaka uipunguze mwendo kwa roketi nyingine. Yaani nguvu yote ile ya kuanguka unailipia wewe mwenyewe kwanza kwa kuipandisha. Haijulikani kwamba kuna nchi iliyowahi kuiweka huko juu.

Kanisa linasemaje? Kuhusu kutumia silaha yoyote kuteketeza miji mizima bila kuchagua, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishasema mwaka 1965 katika Gaudium et Spes, namba 80: ni kosa dhidi ya Mungu na dhidi ya binadamu mwenyewe. Haijalishi imetoka ardhini, baharini au angani.

Lakini kilichoanguka kweli kilianguka Makueni

Hapa ndo nataka tukae. Wakati sisi tunaogopa fimbo ambayo haipo, kitu kingine kilishaanguka kwa jirani zetu. Tarehe 30 Desemba 2024, kama saa tisa alasiri, pete ya chuma ilianguka kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Ilikuwa na kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitoa taarifa kwamba uchunguzi wa awali unaonyesha ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi. Kwa kawaida vitu hivyo hutengenezwa viungue vikirudi kwenye hewa au viangukie mahali pasipo na watu, kama baharini. Hiki hakikuungua chote, wala hakikuangukia baharini. Kiliangukia kijiji cha wakulima. Mungu ashukuriwe, hakuna aliyeumia.

Pete ile haikuwa silaha. Hakuna aliyewachukia watu wa Mukuku, na yawezekana aliyeitengeneza hajawahi kulisikia jina la kijiji hicho. Hapo ndipo wengi tunafunga mjadala: "Si hakukusudia? Basi, ajali haina kinga."

Mtakatifu Thoma wa Akwino hafungi hapo. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 64, anauliza kama mtu aliyeua kwa bahati mbaya ana hatia. Anajibu kwamba lililotokea bila kukusudiwa kabisa si dhambi kwa lenyewe. Kisha anaongeza jambo zito: mtu akishindwa kuchukua tahadhari iliyompasa, na mwenzake akafa kwa sababu hiyo, hawezi kusema mikono yake ni misafi. Kwa hiyo kutokusudia peke yake hakutoshi. Lazima tuulize pia: ulichukua tahadhari?

Biblia ilishalisema hilo kwa lugha ya mafundi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, ili mtu akianguka, damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Nyumba za kule zilikuwa na paa la kukaa watu. Angalia vizuri: Mungu hasemi usijenge. Anasema jenga, ila weka ukingo. Methali yetu inasema ajali haina kinga, na Torati inatuambia ajali nyingine kinga yake ni ukuta mfupi tu ambao mtu alibana hela akaacha kuujenga.

Hesabu ya mmoja kwa elfu kumi

Kwenye roketi ukingo upo. Kipande cha juu cha roketi kikimaliza kazi, kinaweza kubakiza mafuta kidogo, kikageuzwa na kushushwa makusudi kwenye bahari ya mbali. Inafanyika, na si jambo la kufikirika. Ila mafuta hayo ni uzito, na uzito ni pesa. Kwa hiyo wengine wanakiacha kizunguke mpaka kishuke chenyewe, popote, siku yoyote.

Wanaotetea wanasema uwezekano ni mdogo mno. Kanuni ya Marekani, kwa mfano, inakubali hatari ya kumdhuru mtu isiyozidi 1 kwa 10,000 kila kitu kinaporudi duniani. Ni kweli, ni ndogo. Lakini ukiirudia mara nyingi inajumlishika. Mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Michael Byers wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walichapisha hesabu yao katika jarida la Nature Astronomy: mambo yakiendelea hivi, kuna uwezekano wa takribani asilimia 10 kwamba ndani ya miaka 10 mtu mmoja au zaidi atadhurika. Na hatari hiyo haigawanywi sawa. Kwa kuwa vipande vingi vinaachwa vikizunguka karibu na Ikweta, maeneo yaliyo kwenye latitudo za Jakarta, Dhaka na Lagos yana hatari angalau mara 3 kuliko yale ya New York, Beijing na Moscow.

Sasa chukua ramani. Jakarta iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa Ikweta. Dodoma je? Nyuzi 6 na kidogo kusini mwa Ikweta. Tuko mstari mmoja. Mama anayechuma zabibu hapa Dodoma anabeba sehemu kubwa ya hatari kuliko mhandisi aliyeamua kuokoa mafuta.

Tuwe wakweli, hata sisi tunakula matunda ya roketi. Utabiri wa mvua tunaousubiri kwa hamu katika nchi hii kame unategemea satelaiti. Ramani ya kwenye simu ya bodaboda, dishi juu ya bati, Misa kwenye televisheni kwa mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, vyote hivyo vinapita huko. Na Afrika Mashariki nayo imewahi kurusha: tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa na timu ya Waitaliano kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikwenda kuchunguza nyota. Kwa hiyo sisemi roketi ni za shetani. Nasema faida ya wote haimpi mtu ruhusa ya kumtwisha mnyonge hatari peke yake, bila kumuuliza, kwa sababu tu yuko mbali na hana wa kumsemea. Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015) alikemea utamaduni wa kutupa. Anga nalo tumeligeuza jalala, na jalala siku zote huwa karibu na nyumba ya maskini.

Shimo la jirani

Tushuke chini sasa. Mtaa wetu unajengwa kila kona, na kila kiwanja kina shimo. Kuna mtoto alitumbukia kwenye shimo la choo la nyumba isiyokamilika, akavunjika mguu. Shimo lilikuwa wazi kwa miezi. Watu tulikwenda kumpa pole mama yake, na sentensi niliyoisikia zaidi ilikuwa, "Ndiyo mapenzi ya Mungu." Mama yule alinyamaza tu. Mwenye shimo naye alikuwepo, akaitikia, "Ni kweli kabisa, ni Mungu tu." Nilitoka pale nimekereka, na bado nimekereka.

Kitabu cha Kutoka 21:33-34 kinamtaja mtu aliyechimba shimo asilifunike, mnyama wa jirani akatumbukia. Mwenye shimo atalipa. Haulizwi kama alimchukia yule ng'ombe. Mataifa yalifuata njia hiyohiyo katika mkataba wa mwaka 1972 kuhusu madhara ya vyombo vya angani: kitu chako kikiharibu mali au kuumiza watu ardhini, unalipa, bila aliyeumia kulazimika kuthibitisha uzembe wako. Satelaiti ya Kisovieti Cosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia, ilipoanguka kaskazini mwa Canada Januari 1978, Canada ilidai kama dola milioni 6 na mwishowe ikalipwa milioni 3. Ng'ombe wa Kitabu cha Kutoka akapanda hadi mbinguni!

Je, kama ni mapenzi ya Mungu, kwa nini Mungu huyohuyo anaamuru mwenye shimo alipe?

Tazama pia Luka 13:4-5. Watu 18 walikuwa wameangukiwa na mnara kule Siloamu, wakafa. Yesu anakataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakuugeuza mnara kuwa fimbo ya Mungu. Aliwageukia waliobaki hai na kuwaita watubu. Anayehojiwa pale ni yule ambaye hajaangukiwa.

Kwa hiyo jina lile la "Fimbo za Mungu" linanisumbua kuliko nondo yenyewe. Amri ya pili inatukataza kulitaja bure jina la Mungu, na sisi tunadhani ni kuapa ovyo tu. Kumbe kuna namna mbili nyingine. Ya kwanza ni kulibandika jina lake juu ya silaha yetu. Ya pili ndiyo ya kwetu: kulibandika juu ya uzembe wetu. Dereva amelewa, "kazi ya Mungu." Fundi amedondosha tofali bila kuita "Chini hapo!", "kazi ya Mungu." Tunamvisha Mungu hatia ili mwenye shimo alale usingizi.

Kijana Mkatoliki, wewe hutarusha roketi kesho. Lakini utaendesha pikipiki, utajenga, utachimba, utaunganisha umeme wa jirani, utasambaza video yenye hofu. Kila mara kuna mtu wa chini yako usiyemjua jina. Kwako anaweza kuwa namba ndogo kwenye hesabu, lakini kwa Mungu ana jina na ana mama.

Tafakari wiki hii: ni shimo gani langu liko wazi? Na ni nani aliyeumia, nikamwambia "mapenzi ya Mungu" ili nisimtafutie haki?

Tusali: Ee Mungu Baba, wewe unayemjua kila mtu aliye chini ya mbingu, tufundishe kuangalia chini kabla ya kuachia kitu. Utupe moyo wa kufunika mashimo yetu, na midomo inayoogopa kulitwisha jina lako makosa yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.