Tusikilize Wimbi Lipi?

Neno la kutafakari: Luka 10:25-37



Sisi tukaao pwani twalijua neno rubani tangu zamani. Ndiye aliyeingiza jahazi bandarini kati ya miamba. Siku hizi aongozaye ndege naye huitwa hivyo. Arukapo juu ya misitu ya Kilwa na Liwale, hana budi kuchagua: asikilize wimbi lipi la redio, ile ambayo wazee waliiita simu ya upepo?

Maana mawimbi hayo huenda moja kwa moja kama nuru, wala hayapindi nyuma ya vilima. Ndege iliyo futi 3,000 juu husikiana na kituo cha chini kwa kadiri ya kilometa 125 tu. Na toka Kilwa Masoko hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 200. Pasipo mnara wa karibu wa kupokeza sauti, rubani aweza kuita asijibiwe.

Basi marubani wana desturi njema. Ndege ikiwa na redio mbili, ya kwanza huwekwa kwenye wimbi la mahali pale: la msimamizi wa anga, au, pasipo msimamizi, lile ambalo marubani huambiana walipo na waendako, wasije wakagongana. Ya pili huwekwa kwenye megahezi 121.5, wimbi la taabu, walilokubaliana mataifa yote. Hilo huwa kimya karibu siku zote. Tena tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti za uokoaji hazilisikilizi. Husikiliza megahezi 406. Hivyo aliaye kwa sauti yake kwenye 121.5 huwategemea wanadamu wenzake, vituoni na angani. Mara nyingine arukaye juu sana humsikia aliye chini, akalifikisha neno lake mbali.

Angalieni, ndugu: wimbi la kwanza hutulinda sisi, la pili ni kwa ajili ya mwingine. Yote mawili yatupasa. Lakini lililo kimya ndilo tulizimalo upesi, tukisema halina kitu.

Kuhani na Mlawi hawakupotea njia. Walijua sana waendako. Walikosa nafasi moyoni kwa mtu asiyekuwamo katika safari yao. Msamaria naye alikuwa safarini, lakini alisimama.

Sharika zetu zina sauti nyingi: hesabu, kwaya, ujenzi. Ni njema, tusiziache. Lakini ni nani amsikilizaye mjane aliyeacha kuja ibadani, au kijana aliyefungwa na aibu, au jirani Mwislamu mwenye mgonjwa? Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika huku Kilwa, na wasafiri wakakwama. Taabu haikumwuliza mtu dini yake; wala wimbi la 121.5 halimwulizi aitaye kabila lake.

Kwa hiyo, waalimu, kila juma mwekeni mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuwatafuta walionyamaza. Asiyeweza kusaidia mwenyewe, na alifikishe neno kwa awezaye.

Bwana aliyesikia kilio chetu atupe masikio yasiyochoka na ukimya. Amina.