Nani Kasema Mhispania Anachelewa Kula?

Mtalii wa Kiingereza akiingia mgahawani Sevilla saa kumi na mbili jioni, njaa ikimkeketa, mara nyingi hukuta meza tupu na jiko halijawashwa. Huambiwa arudi saa mbili na nusu usiku. Hapo hapo hukumu inatoka: watu hawa wavivu, mchana wanalala, usiku kucha wanakula. Hukumu hiyo imezeeka lakini bado inatembea, hata vinywani mwa watu ambao hawajawahi kuikanyaga Hispania. Inakera, maana takwimu za shirika la uchumi la OECD zinaonyesha kwamba mfanyakazi wa Hispania hukaa kazini saa nyingi zaidi kwa mwaka kuliko mwenzake wa Uingereza.

Tatizo liko ukutani, kwenye saa.

Machi 1940 serikali ya dikteta Franco ilisogeza saa za nchi mbele kwa saa moja, zikalingana na za Berlin. Ilidaiwa kuwa ni kwa muda tu. Uingereza nayo ilichezea saa zake wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, kisha ikazirudisha. Hispania haijazirudisha mpaka leo, ingawa mstari wa Greenwich unapita katika ardhi yake na Madrid iko magharibi ya London. Ndiyo maana wakati wa kiangazi jua la Madrid hufika kilele saa nane na robo mchana. Anayekula chakula cha mchana saa hiyo kachelewa nini? Jirani yao Ureno inafuata saa ya London: Mreno akiketi mezani saa saba, mtu wa Galicia ng'ambo ya mpaka anaketi saa nane, na wote wawili wameketi dakika ile ile. Waswahili, wanaoanza kuhesabu saa jua linapochomoza, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Atatokea wa kubisha kwamba saa si kila kitu. Ni kweli. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania mishahara haikutosha. Wengi wakashika kazi mbili, moja asubuhi na nyingine jioni, na chakula cha usiku kikazidi kusogea. Lakini hiyo ni dhiki, si asili ya mtu. Wala Mwingereza hakuzaliwa na kengele ya kufunga baa kichwani. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia serikali yake ilibana saa za baa ili mafundi wa viwanda vya silaha wasifike kazini wamelewa. Vita ikaisha 1918; sheria ya kufunga baa mchana ikadumu England hadi 1988!

Walicho nacho Wahispania hasa ni kile kinachofuata sahani zikishaondolewa. Watu hubaki. Kahawa inakuja, siasa zinaingia, mzee mmoja anarudia kisa ambacho wote wanakijua, na bili hailetwi mpaka iombwe, kwa kuwa kuileta mapema ni kama kumfukuza mgeni. London, migahawa mingi hukupa meza kwa saa moja na nusu au mbili, na hukutangulizia habari hiyo tangu unapoagiza nafasi. Katika hili Waingereza wana la kujifunza.

Ila meza hiyo ina mtu anayesimama kando yake. Machi 2024 Waziri wa Kazi wa Hispania, Yolanda Díaz, alisema kwamba si jambo la busara migahawa kuwa wazi saa saba usiku. Isabel Díaz Ayuso, rais wa jimbo la Madrid, akamjia juu akisifu uhuru na uhai wa usiku wa nchi yake. Makofi aliyapata Ayuso kwa wapenda starehe, lakini hoja nzito ni ya waziri. Siku nyingi Metro ya Madrid husimama saa saba na nusu usiku. Mhudumu anayefuta meza ya mwisho saa saba ana nusu saa ya kuiwahi, na akiikosa, teksi inakula ujira wake. Soga ziendelee, basi, lakini zamu ya usiku ilipwe kwa bei yake, na mgahawa usioimudu ufunge mapema.