Punje Mia Katika Kopo

Je, ni uongo kuandika hesabu inayolingana na sheria ya kweli, kama hukuiona kwa macho yako?

Swali hili lilizuka katika darasa moja hapa Keshero. Wanafunzi walitia punje 100 za mahindi katika kopo, kila moja imepakwa wino upande mmoja. Walitikisa, wakamwaga mezani, wakaondoa zile zilizoonyesha wino. Kila mmwago ulikuwa mfano wa nusu-uhai wa kaboni 14, yaani miaka 5,730, ambayo nusu ya atomi zake hugeuka. Kundi moja lilibakiwa na punje 56, kisha 27, kisha 15. Kundi la pili liliandika 50, 25, 12, safi kama nguo ya Pasaka. Ila punje zao zilikuwa bado ndani ya kopo!

“Lakini mwalimu, tumeandika iliyo kweli.”

La. Sheria hiyo yanena juu ya wengi. Punje ipi itatoka haisemi. Tena tazama: moto wa Nyiragongo wa Januari 2002 tuliushuhudia wenyewe. Bali ule mfupa wa Ishango wenye alama za kuchanjwa, uliochimbuliwa mwaka 1950 kando ya Ziwa Edward, wakadiriwa kuwa na miaka yapata 20,000. Nani aliyekuwapo? Hatuna ila uaminifu wa wapimaji. Nao huandika kando ya jibu lao: pungufu au zaidi ya miaka kadha wa kadha. Watoto walicheka, wakidhani huo ni udhaifu.

Kundi la pili likamwaga kopo lake. Zikabaki 58.