Kadhi Aombapo Mvua

Hapa Kiptere, katika nchi ya majani chai ambako mvua ya mawe huwatisha wakulima pengine kuliko kiangazi, huenda msomaji akastaajabu kwamba namkumbuka Sheikh Muhyiddin bin Sheikh al-Qahtani, mzaliwa wa Barawa, aliyekuwa kadhi Unguja zama za Sultani Sayyid Said na kufariki mwaka 1869, kwa sababu ya dua ya kuomba mvua aliyoitunga kwa tungo za Kiswahili.

Wapo wasemao kwamba faqihi, mjuzi wa sheria kama kadhi huyu, na mtu wa tasawufi, mwenye kumwelekea Mola kwa moyo na dua, hawakai katika kifua kimoja, nao humtaja Imam Ghazali, aliyeliacha darasa lake la sheria Baghdad mwaka 1095 akenda kuitafuta yakini. Hoja hiyo hainitoshi, maana Ghazali huyo huyo alirejea baadaye akafundisha tena, na usuli za sheria akaziandikia kitabu.

Kadhi huhukumu kwa yaliyo dhahiri: huyu ana shahidi, yule ana kiapo, na mwenye haki apewe haki yake. Hata mkulima wa huku, gunia lake litundikwapo mizanini likiwa limelowa, hubishana na karani juu ya kilo alizokatwa, wala si aibu, kwani jasho ni lake. Lakini mvua iliyolilowesha gunia hilo, na kuuotesha mchai wenyewe, nani awezaye kuidai? Nadhani aliyeshinda kutwa akipima madai ya watu ndiye ajuaye zaidi maana ya kusimama mbele ya Mola bila dai wala hati, akitaraji fadhila tupu.

Na fiqhi ya Kishafii haikuyatenga mambo haya mawili, hukumu na dua. Kabla ya sala ya kuomba mvua, imamu huwaamuru watu wafunge siku tatu, watubie, na aliyedhulumu arudishe; kisha hutoka wote uwanjani, wazee kwa watoto, wamevaa nguo za kazi kwa unyenyekevu, na khatibu huigeuza shuka yake begani. (Wazee wa Kipsigis, waliokuwa wakimwomba Asis, Mungu wao, pale kapkoros, mahali pao pa ibada, sidhani wangeona ugeni mkubwa.) Shamba lililonyakuliwa, deni lililokanwa, vyote ni vya mahakama, navyo vimetangulizwa mbele ya dua, hata mwenye kuuzuia ujira wa mchumaji ametakiwa alipe kwanza, ndipo atoke na wenzake kuomba.