Ubao mmoja kwa wote: ni haki, ao tunazima mukono wa fundi?

Ndugu musomaji, usishangae mbele ya wakati. Hapa Kinsevere hatuna bahari. Maji yetu ni ya visima na ya mito midogo, na upepo wetu wa mwezi wa munane unabeba vumbi, haubebi chombo. Lakini swali ambalo nataka tuliangalie pamoja lilinifikia kutoka majini, na tangu siku ile halijaniacha.

Mwipwa wangu mumoja anaishi Italia, karibu na ziwa Garda. Alinitumia picha: amesimama juu ya ubao murefu, mikono yote miwili imeshika tanga, na nyuma yake watu wengine wengi wenye ubao uleule na tanga ileile, kama wanafunzi wenye uniforme. Nikamuuliza ni mchezo gani. Akanijibu: «Yomba, hapa siye bote tuko na chombo moja. Hakuna mwenye kununua ushindi.»

Ule ubao una historia. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, Hoyle Schweitzer na Jim Drake, waliomba hati ya kulinda uvumbuzi wao kule California, wakauita Windsurfer. Ulikuwa murefu kama metre 3 na nusu na zaidi kidogo, wa plastiki, na mashindano yake yalikuwa na sharti moja kubwa: kila mutu juu ya chombo kilekile. Mwaka 1984 mchezo wa ubao wa tanga uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Kisha ikafika mbio ya namna ingine, ile ya viwanda. Kila mwaka ubao mufupi zaidi, mwepesi zaidi, wa bei kali zaidi. Ubao murefu wa zamani ukalala ndani ya depot. Katika Olimpiki ya 2024 walipanda ubao wenye bawa chini ya maji, unaoinuka na kuruka juu ya uso wa bahari.

Na katikati ya mbio ile, watu wakageuka nyuma. Kunako mwaka 2018 ubao wa zamani ulirudishwa, kwa jina la Windsurfer LT: urefu uleule, tanga ya metre carré 5,7, lakini uzito umeshuka mpaka karibu kilo 15. Vijana na wazee wenye mvi wanashindana pamoja. Niliposoma habari ile mbele ya wazee wa kamati yetu, mumoja alicheka sana: «Ile ni mambo ya bantu banashiba. Siye tunatafuta kintu ya mupya, beko banaokota ya zamani!»

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa na deni.

Hapa kwetu watoto wanatengeneza motokari za waya. Kila mutu aliyekomalia huku Katanga anazijua: waya za zamani zinakunjwa, magurudumu yanakatwa katika mikebe, na fimbo ndefu ndiyo usukani. Tulipotaka kurudisha mchezo ule katika siku ya sherehe yetu, maana ulianza kupotea, tuliona ubaya mara moja. Mtoto ambaye baba yake anapata mshahara kila mwezi alikuja na magurudumu ya rulma za chuma. Mwingine, ambaye baba yake anachimba kwa mikono na hajui jioni atarudi na nini, alikuja na vifuniko vya mikebe. Matokeo yalijulikana mbele ya kuanza. Watu wa Kinsevere hawana lazima ya kufundishwa neno hili. Tangu mwaka 2007 mgodi mukubwa unafanya kazi pembeni yetu, na tunajua ni nini pale mutu wa piki na koleo anaposimama kando ya mashine inayobeba mlima.

Basi mimi njo nilileta sheria. Mwaka uliofuata kamati ilinunua waya, ikaukata sawasawa, ikagawa magurudumu mane mane, na fundi mumoja akatengeneza motokari zote kwa mfano mumoja. Mbio ilikuwa ya haki kabisa. Mtoto wa mchimbaji alikimbia sawa na mtoto wa mfanyakazi. Nilijisikia nimefanya kazi nzuri.

Lakini kulikuwa kijana mumoja wa miaka kumi na mbili ao kumi na tatu. Mwaka wa kwanza yeye ndiye alikuja na vile vifuniko. Alikuwa wa mwisho katika mbio, lakini motokari yake ilikuwa na resori za kweli, za waya wa tairi, na milango inayofunguka. Watu waliizunguka kupita ile iliyoshinda. Mwaka wa pili alipokea motokari ya kamati, akaigeuza-geuza, akairudisha juu ya meza. «Hii haiko yangu», akasema, akaenda. Hakusema kwa hasira. Njo maana maneno yale yaliniumiza.

Niliwaza sana. Je, usawa wa chombo ni kintu cha bazungu tu? Hapana. Wataalamu waliochimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, walikuta misalaba midogo ya mukuba. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ile ilikuwa midogo zaidi na ya kufanana zaidi, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi ya franka. Bankambo walijua kwamba mahali watu wanabadilishana mali, sherti kipimo kiwe kimoja. Anayeleta musalaba wa peke yake, na mapambo yake, anaharibu soko. Usawa wa namna ile ni wa kwetu kabisa.

Sasa angalia pwani. Kule Lamu, Kenya, siku za Maulidi wanashindanisha mashua, na hata punda. Katika kijiji cha Matondoni mafundi wanajenga jahazi bila kuchora plani. Kipimo kiko katika jicho. Kila mashua ina mukono wa mutu fulani ndani yake. Mashua inapotangulia, nahodha anashinda, na fundi aliyekaa ufukweni anashinda naye. Ukiwapa wote mashua moja ya kiwandani, utakuwa na haki zaidi kati ya manahodha, na fundi utakuwa umemutoa katika sherehe yake mwenyewe. Mashua zitaendelea kukimbia. Ufundi utakufa katikati ya makofi.

Mutu anaweza kunijibu: hata wale wa ubao murefu wanajua usawa haukamiliki. Ni kweli, na njo jambo lililonifurahisha kupita yote. Wanapima watu! Mwepesi anashindana na mwepesi, muzito na muzito, kwa maana upepo muchache haumupendi mutu wa kilo mia. Wamesawazisha mbao, kisha wakakuta miili haiko sawa. Na tena hawakuacha mbio peke yake: kuna siku ya kuonyesha maarifa, kuzunguka, kusimama juu ya ukingo wa ubao, kila mutu na mtindo wake. Pale wamefungua mlango ambao sheria ilikuwa imefunga.

Na kuna jambo lingine dogo. Hati ile ya Wamarekani ilivunjwa Uingereza mwaka 1985, katika kesi juu ya nani alitangulia. Mahakama ilikubali kwamba mwaka 1958, kisiwani Hayling, mtoto wa miaka 12, Peter Chilvers, alikuwa amekwisha kujitengenezea ubao wenye tanga na kucheza nao. Miaka kumi mbele ya hati. Mtoto, na vipande vya mbao! Niliposoma pale nilimuona kijana wetu na milango yake ya waya.

Sioni kwamba nilikosa kuondoa rulma. Kama zingebaki, watoto wa wachimbaji wangeacha kuja, na hakuna mila inayofufuka kwa kufukuza maskini. Kosa langu lilikuwa kufikiri haki inaomba motokari zilizokwisha kutengenezwa. Tungeweza kuwapa wote waya sawa na mikebe sawa, kisha tuwaache. Mzee yule aliyecheka ananiambia: «Ukifanya vile, mwenye mukono muzuri atashinda kila mwaka. Ile nayo ni usawa?» Sina jibu la kumunyamazisha. Lakini kushindwa na mukono wa mwenzako hakufanani na kushindwa na mfuko wa baba yake. Wa kwanza unaweza kumuomba akufundishe.

Nilikwenda kwao kumuona yule kijana. Alikuwa uani, anakunja waya. Nilimuuliza kama atakuja mwaka huu. Aliniuliza waya utakuwa wa metre ngapi.