Kutu na Alama

Kila chombo kilichofanywa kwa mkono wa mwanadamu huchakaa. Jembe huliwa na udongo, kisu huliwa na kinoo, na kizingiti huliwa na nyayo za waingiao na watokao. Uchakavu huo ni wa namna mbili, na watu wengi hawazipambanui. Namna ya kwanza ni kutu, yaani maradhi yanayokila chombo, ambayo yakiachwa yatakimaliza. Namna ya pili ni alama, yaani athari ya kazi ambayo chombo kimefanya na ya mikono ambayo kimepitia. Kutu ni adui wa chombo. Alama ni shahidi wake. Swali la insha hii ni hili: mtu anapotaka kukirudishia chombo cha kale upya wake, ana haki ya kuondoa nini, na ana wajibu wa kuacha nini?

Nimechagua mfano wa bastola kuukuu. Huenda msomaji akastaajabu kwamba nimeacha jembe na chungu nikachukua silaha. Nimeichagua kwa sababu ukweli unapofutwa juu ya kitu cha hatari, hasara yake huonekana upesi na huwafikia wengi.

Takaba ni mji wa wafugaji, magharibi mwa Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Zamani za utawala wa Waingereza nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo mgeni hakuweza kuingia bila ya ruhusa. Silaha ya kiunoni iliyojulikana sana kwa maofisa wa Kiingereza siku hizo ilikuwa bastola ya Webley, iliyofanywa katika mji wa Birmingham. Ile ya namna ya sita, iliyoanza kutumiwa jeshini mwaka 1915, ilikuwa na silinda izungukayo yenye matundu sita ya risasi. Fikiri, msomaji, juu ya bastola moja ya namna hiyo iliyofikia uzee wake katika nchi ya jua na vumbi. Weusi wake umetoka mdomoni mwa mtutu kwa kusuguana na ala ya ngozi. Mpini umelainika kwa jasho la viganja. Ubavuni kuna madoa mekundu ya kutu, na juu ya chuma kuna nambari, chapa ya kiwanda, na mihuri midogo ya wakaguzi walioipima kabla ya kutoka kiwandani.

Tuseme kwamba bastola hiyo ina mwenyewe wa halali. Neno hilo halali ni la lazima, kwa sababu Sheria ya Silaha ya Kenya, sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bastola bila ya cheti, wala haimruhusu fundi kutengeneza silaha kwa biashara bila ya kuandikishwa. Mwenyewe huyo aichukua bastola yake kwa fundi bunduki na kumwambia, "Nifanyie iwe mpya." Ombi hilo ni fupi, lakini lina mambo mawili ndani yake.

Kazi ya fundi nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kusugua. Bastola hufunguliwa kiungo kwa kiungo, hutolewa mafuta, kisha husuguliwa kwa msasa mkali na baadaye kwa msasa laini hata chuma king'are. Ya pili ni ile ambayo mafundi huiita kutia buluu. Vyuma hutumbukizwa katika maji ya magadi makali yaliyochanganywa na chumvi nyingine, yakichemka kwa joto la kiasi cha digrii 140, na baada ya muda chuma hutoka kimevaa ngozi nyembamba yenye weusi unaoelekea samawati. Ngozi hiyo si rangi iliyopakwa. Ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni. Kwa maneno mengine, ni ndugu wa kutu. Tofauti yao ni tabia. Kutu nyekundu huvimba na kubanduka, na kila ibandukapo hufungua njia ya kuingia ndani zaidi. Nyeusi hushikamana na chuma, hushika mafuta, na husaidia kumzuia ndugu yake asiingie. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Katika sehemu hizi mbili, ya pili haina lawama. Hatari imo katika ya kwanza. Msasa hauna akili ya kupambanua kutu na alama. Huondoa chochote kinachosimama mbele yake. Fundi mwenye haraka husugua mpaka kingo za mtutu zikawa butu, herufi zikafifia, na mihuri ikatoweka. Mwenyewe hufurahi, kwa maana wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini watu wanaokusanya silaha za kale kwa ajili ya historia hawafurahi. Aghalabu wao hutoa bei kubwa zaidi kwa silaha iliyochakaa kwa haki kuliko ile iliyosuguliwa hata ikasahau ilikotoka.

Wala hasara hiyo si ya wakusanyaji peke yao. Tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo, na mojawapo ya mambo zilizokubaliana ni kwamba kila silaha itiwe alama ya kuitambulisha. Sababu yake ni wazi. Mtu akiuawa njiani, nambari iliyo juu ya chuma huweza kusema silaha ilitoka ghala gani na ilikabidhiwa kwa nani. Silaha isiyo na nambari ni kama shahidi aliyekatwa ulimi. Basi anayefuta nambari kwa kupenda uzuri na anayeifuta kwa kuficha uovu hawalingani kwa nia, lakini chuma wanachokiacha ni kimoja.

Mtu mmoja aweza kupinga akasema, "Ukiogopa msasa kiasi hicho, utaiacha bastola iliwe na kutu mpaka iishe, na alama zako zitaishia pamoja nayo." Hoja hii ina nguvu. Kutu si ukweli, na kuiacha kwa jina la heshima ya mambo ya kale ni uvivu uliovikwa joho. Lakini iko njia ya katikati, na mfano wake tunao pwani yetu. Mwaka 1697 meli ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, wakati ngome hiyo ilipokuwa imezingirwa na Waarabu wa Oman. Wataalamu walianza kuichimbua chini ya maji mwaka 1977, na vitu vyake vingi viliwekwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Kazi ya watunzaji wa vitu vya namna hiyo ni kuzuia uharibifu usiendelee. Huondoa chumvi ya bahari, hutuliza kutu, kisha hukiacha kitu na makovu yake. Fundi wa bastola aweza kufanya vivyo hivyo: akaondoa madoa mekundu kwa mafuta na mkono wa subira, akaifanya upya ngozi ya chuma mahali palipohitaji, na asiziguse nambari.

Mwingine atapinga kwa upande mwingine, aseme, "Kwa nini kuipamba silaha? Heri iyeyushwe." Huyu naye hakukosa. Mwezi wa Novemba 2016, serikali ya Kenya ilichoma moto silaha 5,250 huko Ngong, nyingi zikiwa zimetwaliwa kwa wahalifu au kusalimishwa na raia, na hapana mtu mwema aliyezililia. Silaha ambayo haina kazi ila kuua haistahili kupambwa. Lakini hata ile inayopelekwa motoni yapasa nambari yake iandikwe kwanza kitabuni, ili kesho mtu asije akasema haikuwapo. Kuharibu chombo na kuharibu ushahidi wake ni mambo mawili.

Sasa tuache chuma, tuitazame nchi, kwa sababu nchi nazo husuguliwa. Baada ya uhuru, kutoka 1963 hata 1967, kaskazini mashariki mwa Kenya palikuwa na vita vilivyoitwa vya Shifta. Walikufa waasi, walikufa askari, na walikufa wafugaji wasiokuwa na silaha. Mapatano yalifanywa Arusha mwezi wa Oktoba 1967. Mwaka 1970 ilipitishwa sheria iliyozuia mashtaka na madai juu ya mambo waliyoyatenda watumishi wa serikali na majeshi katika nchi hiyo kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967, ikiwa yalitendwa kwa nia njema. Waliotunga sheria hiyo huenda walitaka taifa changa lianze upya, nalo ni jambo la kutamanika. Lakini aliyepoteza baba au ngamia wake alifungiwa mlango kabla hajasema. Huo ulikuwa msasa. Na wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Februari 1984 watu waliuawa na majeshi ya serikali katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, na kwa miaka mingi jamaa zao waliishi na msiba ambao haukukubaliwa ulivyokuwa. Ilibidi iundwe Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwa sheria ya mwaka 2008, ambayo ilikabidhi taarifa yake Mei 2013, ndipo maneno hayo yakaandikwa kwa wino wa taifa.

Wazee wa nchi hiyo walilijua jambo hili kabla ya tume. Katika desturi yao ya kupatanisha, fidia ya damu hailipwi juu ya jambo lisilotajwa. Kwanza husemwa ni nani aliyekufa na mkono wa nani ulimwua. Kisha huhesabiwa ngamia. Ndipo watu hupeana mikono. Wanasamehe kile wanachokijua. Na hapa turudi kwa yule ndugu mweusi wa kutu. Msiba uliofichwa huvimba na kubanduka, ukamla mtoto baada ya baba. Msiba uliotajwa, ukapimwa, ukalipiwa, ni msiba vile vile, lakini umetulia juu ya chuma, na huilinda nchi isiliwe tena.

Nawe, mwanafunzi, ukiwa Takaba au penginepo, utapewa siku moja jambo la kale ulifanye upya: nyumba ya babu, kitabu cha kumbukumbu za shule, ugomvi wa koo mbili, au jina lako mwenyewe baada ya kuteleza. Usilikatae, kwa maana kufanya upya ni kazi ya heshima, na anayeacha kutu ile kwa kuogopa kugusa hana sifa. Lakini kabla hujachukua msasa, kaa chini ulisome jambo hilo. Tazama lipi linakila na lipi linakushuhudia. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Bali chuma kilichotunzwa pamoja na nambari zake, atakayekipokea baada yako ataweza kukisoma.